Mwanangu ana usonji na hela ninayo ya kitu kimoja tu, nianze na kipi?

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 3 na nusu, haongei zaidi ya kurudia maneno ya kwenye katuni, akitaka kitu ananivuta mkono mpaka kwenye friji na nisipomwelewa analia hadi anajigonga kichwa ukutani. Daktari katuambia ni usonji. Baba yake anasema tusubiri, watoto wa kiume huchelewa kuongea, wifi yangu nae katuletea mtu anayeuza dozi ya kutoa sumu ya madini mwilini eti watoto wanapona kabisa. Nianze na kipi? Na ni kweli chanjo ndo zimemletea? – Mama aliyechoka

JIBU: Pole sana mama, na hongera kwa kufika kwa daktari mtoto akiwa bado mdogo hivyo. Naanza na hiyo dozi: usinunue. Dawa za kufyonza madini zipo kwa ajili ya mtu aliyepimwa damu akakutwa na sumu kweli, usonji hazigusi, na zinaweza kuua. Mwaka 2005 huko Marekani mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alitundikiwa dripu ya aina hiyo, kalsiamu ikashuka ghafla, moyo ukasimama. Huyo wifi najua anakupenda ila kwa hili mkatalie tu.

Chanjo hapana, hukumletea wewe. Hayo maneno yalishika moto kutokana na andiko la daktari Andrew Wakefield la 1998, lilihusu watoto 12 tu, jarida lililolichapisha likaja kulifuta 2010 na yeye mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza.

Sasa hela yako. Kama hajapimwa masikio, pima kwanza, maana mtoto asiyesikia vizuri nae haongei. Kinachobaki peleka kwa mtaalamu wa lugha na matamshi, hata kama ni mara chache, ila sharti ukae ndani uone anachofanya ili ukifanye nyumbani kila siku. Mtaalamu anayekuambia subiri nje, na hata mwezi ukiisha hujui lengo lake ni nini, mimi huyo simwamini.

Na leo hii unaweza kuanza. Mwanao anayekuvuta mkono tayari anaongea nawe, amekosa tu njia nyepesi. Piga picha ya juisi anayoipenda, ichapishe kwenye karatasi, shika juisi aione, mtu mwingine akae nyuma ya mtoto amwongoze mkono achukue picha akupe, ukiipokea tu sema "juisi" umpe palepale, usimuulize maswali wala usimlazimishe atamke. Rudia hata mara 20 kwa siku halafu yule wa nyuma apunguze msaada kidogo kidogo. Njia hii ilibuniwa 1985 na wengi huogopa itamfanya awe mvivu wa kuongea, sio kweli, haizuii maneno na wapo ambao maneno huja wakiwa wanatumia picha. Yale ya katuni pia usiyadharau, sikiliza anayasema wakati gani, mara nyingi yana maana yake.

Kujigonga kichwa muone daktari aangalie meno, masikio na choo kigumu, mtoto asiyeweza kusema "naumwa" huonyesha hivyo. Dawa ya kuondoa usonji wenyewe haipo. Dawa ziitwazo risperidoni na aripiprazoli hutolewa kwa hasira kali na kujiumiza, kwa watoto wakubwa kuliko wako, na zinaongeza njaa na uzito, kwahiyo sio za kuanzia.

Baba yake mwambie hivi, hata ingekuwa amechelewa tu, mazoezi haya yasingemdhuru, ila kusubiri kunaweza kumgharimu.

SWALI: Mjukuu wangu ana usonji, tukiwasha blenda anaziba masikio na kupiga kelele. Wanangu wanasema nimemdekeza. – Bibi

JIBU: Shikamoo bibi. Hujamdekeza. Watoto wengi wenye usonji sauti ambayo sisi tunaizoea kwao ni kama maumivu, kumchapa au kumlazimisha asikilize kunaongeza woga tu. Mwambie kabla hujawasha, au mwonyeshe picha ya blenda, mpe hedifoni za kuzuia kelele, na awe na kona yake tulivu ya kukimbilia. Akishatulia siku nyingine mwache abonyeze swichi yeye mwenyewe kama anataka, sauti anayoiwasha na kuizima mwenyewe haimtishi sana. Wakija hao wanao wape hedifoni wamvalishe wao.