Faili Nilikuwa Nayo, na Ufunguo Nilikuwa Nao Mkobani

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeshona mabegi karibu na soko la Kibuye, Kisumu, aliniandikia: "Habari za leo Auntie. Nimesikia umerudishiwa ile oda ya shamba la maua. Mimi pia nataka kuuzia kampuni kubwa lakini wanadai sera ya haki za wafanyakazi. Tafadhali nitumie yako nibadilishe jina tu."

Ni kweli nimerudishiwa. Mwezi uliopita niliweka sahihi mkataba wa ovaroli na aproni na shamba lile lile la Naivasha lililonikatia kazi mwaka 2023. Nililia ndani ya matatu tangu Naivasha hadi Gilgil, na sioni haya kulisema. Lakini ombi la kijana huyu lilinichoma. Hiyo faili ya sera anayoitaka nilikuwa nayo hata usiku ule mambo yalipoharibika. Ilikuwa ya bluu, imepangwa vizuri juu ya kabati, na kila ukurasa niliupata hivyo hivyo anavyotaka kuupata yeye, kwa kubadilisha jina.

Karakana yangu iko Shabab, Nakuru. Nilianza na cherehani mbili za miguu, na kufikia mwaka 2022 nilikuwa na mafundi tisa wa kike na vijana wawili wa kukata vitambaa. Mashamba ya maua yana watu wengi wa kuvalisha: wapiga dawa, watu wa grinihausi, wanaopanga mashada. Mwenye biashara kama yangu akipata shamba moja tu, ada ya shule haimkoseshi usingizi. Ninyi mnaonisoma mnaijua njaa hiyo. Unatamani siku moja gari lenye nembo ya kampuni kubwa lisimame mlangoni pako na majirani waone.

Januari 2023, msimu wa kujiandaa kwa waridi za Valentine, shamba la Naivasha likanipa oda ya ovaroli 600 kwa siku kumi na nne. Siku ya nne ikaja simu: rangi imebadilika, wapiga dawa wavae bluu, si kijani. Kitambaa cha kijani nilikuwa nimeshakikata. Siku ya kupeleka mzigo haikusogea hata kwa saa moja. Tena walikuwa hawajanilipa kazi ya Oktoba. Nilisema ndiyo. Nani angesema hapana?

Tukaanza kushona usiku. Wiki hiyo wezi walikuwa wamevunja duka la jirani, kwa hiyo saa tatu usiku nilifunga lango la chuma kwa nje, nikatia kufuli, nikatia ufunguo mkobani, nikaenda kulala kwangu mtaa wa Section 58. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuja kufungua. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyelalamika, nami nikadhani wamekubali.

Usiku wa nne soketi ya pasi ilishika moto. Moshi ulijaa chumba chenye rundo la vitambaa na lango lililofungwa kwa nje. Fundi wangu wa ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke, alivunja kioo cha dirisha kwa pasi ili wapate hewa, maana kutoka hawangeweza, dirisha lilikuwa na vyuma. Mwingine alizima swichi kubwa na kumwaga ndoo ya maji ya chai. Jirani alinipigia. Nilipanda bodaboda nikiwa na leso, na njia nzima nilikuwa nimeushika ule ufunguo. Nilipofungua walikuwa wamekaa sakafuni pamoja, wote hai. Yule wa ovaloki alikuwa amefunga mkono kwa kipande cha kile kitambaa cha bluu.

Hospitali nililipa mimi. Lakini hakushona siku sita, na kwa kuwa mafundi wangu walilipwa kwa kipande, sikumlipa siku hizo. Nilijiambia kipande kisichoshonwa hakilipwi. Ajali sikuripoti popote. Ovaroli 600 zilifika kwa wakati, meneja akanisifu, nami nikaziringia hizo sifa kwa miezi minne.

Mwezi wa Mei shamba lilituma mkaguzi, mama mpole aliyevaa viatu vya raba. Faili yangu ya bluu aliipitia kwa dakika tano tu. Kisha akaomba kuzungumza na mafundi uani, mimi nisiwepo. Walikaa huko karibu saa nzima. Mwezi wa Juni mkataba ukasimamishwa.

Nilimwita yule fundi wa ovaloki nyoka, maana niliamini ndiye aliyemweleza mkaguzi. Nilisema maneno hayo mbele ya wenzake, na nilikuwa nimeshaamua kumfukuza. Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeniketisha. Aliniambia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikubali mtu afutwe kwa sababu amelalamika dhidi ya mwajiri wake. Akaniambia pia kwamba sheria ya fidia ya ajali kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi, agharamie matibabu, na airipoti ajali ndani ya siku saba baada ya kuarifiwa. Mimi sikuwa na hata moja kati ya hayo, isipokuwa risiti ya hospitali. Nilimjibu kwamba hizo ni sheria za kampuni kubwa, mimi ni mama wa cherehani.

Hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kanuni 31 kuhusu biashara na haki za binadamu, zilizoandaliwa na mjumbe wao maalumu, John Ruggie. Zinasema wazi kwamba wajibu wa kuheshimu haki ni wa kila biashara, kubwa kwa ndogo. Katiba yetu ya 2010 nayo, Kifungu cha 20, inasema Sheria ya Haki, yaani sura yake ya haki za msingi, inafunga kila mtu, na kwa Katiba hiyo kampuni ni mtu. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi malipo ya haki na mazingira mazuri ya kazi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye karakana ya Shabab ameachwa nje.

Kilichonivunja kabisa ni kusoma kuhusu Karachi. Septemba 2012 kiwanda cha nguo kiliungua huko Pakistani wakafa watu zaidi ya 250. Milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, madirisha yana vyuma. Mnunuzi mkuu wa nguo zile alikuwa kampuni ya maduka ya Ujerumani. Mimi na kile kiwanda tulitofautiana kwa ndoo moja ya maji ya chai.

Miezi iliyofuata nairuka. Niliuza cherehani, nikashona sare za shule, basi. Ila siku moja nilienda nyumbani kwa yule fundi, Kaptembwo, nikamwomba msamaha kwa lile neno, nikamlipa siku zake sita na saa za usiku za wote nilizokuwa nimezidhulumu. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Hilo nalo nilikuwa silijui, au nilijua nikanyamaza. Alipokea pesa, akahesabu, akanimiminia chai. Hakusema amenisamehe. Alirudi kazini baada ya mwezi, na hadi leo ndiye fundi bora niliye naye.

Sasa niseme na lile linaloniuma bado. Ripoti ya ukaguzi ilinitaja mimi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kufuli, bima, saa za usiku, yote kweli. Lakini haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu rangi iliyobadilishwa siku ya nne, wala pesa za Oktoba. Kanuni zile za 2011 zinatofautisha kampuni inayosababisha madhara yenyewe, inayochangia, na ile iliyounganishwa nayo kupitia biashara zake. Mimi nilisababisha. Aliyeniletea oda ya siku kumi na nne akaigeuza siku ya nne bila kuongeza muda, huku akinidai uvumilivu wa miezi mitatu kwenye malipo, huyo alichangia. Ujerumani ina sheria ya mnyororo wa ugavi, inayozitaka kampuni kubwa zifuatilie haki za watu wanaozitengenezea bidhaa, tangu Januari 2023, Ufaransa iliitangulia mwaka 2017, na maua ya Naivasha huuzwa Ulaya. Maswali yanashuka kutoka huko hadi kwa mkulima, hadi kwangu, na mimi niliyashusha kwa mwanamke wa ovaloki. Pesa na muda navyo vinapaswa kushuka kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya sahihi, nilimwambia meneja mpya mambo mawili: kitambaa kikishakatwa rangi haibadiliki bila kuongezewa siku, na malipo ni ndani ya siku thelathini. Sauti ilinitetemeka lakini nilisema. Wakakubali. Najivunia hilo kuliko oda yenyewe.

Ndugu zangu mnaotaka kuuzia makampuni makubwa, zungumzeni na watu wenu kwanza. Msisubiri mkaguzi aje kuwauliza uani kile mlichopaswa kuwauliza ninyi. Mimi niliweka sanduku la maoni karibu na meza yangu, likakaa miezi miwili bila karatasi. Nani ataandika huku namwangalia? Tukaliondoa, mafundi wakachagua mmoja wao, si mimi niliyemchagua, na kila Ijumaa ananiletea walichosema bila kunitajia majina. Wiki ya kwanza walisema choo hakifungiki kwa ndani. Miaka yote hiyo! Zungumzeni nao. Andikeni mikataba, ndiyo, kateni bima, ndiyo, lakini zungumzeni nao. Na kama unatoa kazi nje, kwa mama anayekushonea vifungo nyumbani kwake, nenda ukaone anashonea wapi na nani anamsaidia, kwa sababu huyo naye ni mtu wako hata kama hujawahi kumwandika popote.

Kijana wangu wa Kibuye, faili sikutumii. Umenieleza una watu wanne na chumba kimoja cha ghorofa ya juu. Jumamosi, mkishamaliza kazi, wakae wanne hao peke yao dakika thelathini, wewe ukanywe soda nje, kisha waandike wanachotaka. Nipigie jioni unisomee. Na uniambie mlango wa ngazi unafungwa na nani usiku, na ufunguo analala nao wapi.