Maswali na Majibu: Siku moja Fes

Wiki mbili zilizopita niliugusia mji wa Fes, Moroko, nikaahidi kujibu maswali. Yamekuja mengi, na karibu nusu yake ni swali lilelile. Naanza nalo ili tulimalize.

Swali: Tutakuwa Marrakech siku nne. Wakala anasema atatupeleka Fes kwa matembezi ya siku moja na mwongozaji, na jioni turudi. Bei yake nzuri. Tuchukue? (Familia, Mombasa)

Jibu: Msichukue. Kati ya Marrakech na Fes ni zaidi ya kilomita 500, na treni huchukua kama saa saba kwenda tu. Hata mkitoka alfajiri mtafika mchana umeshaiva, mwonyeshwe lango moja na duka moja, kisha mrudishwe garini. Anayewauzia safari hiyo ama haijui ramani, ama anatumaini ninyi ndio hamuijui. Kutoka Casablanca ni kama saa nne kwa treni, na huko nako sishauri kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Laleni Fes. Mkilala hapo usiku wa kuamkia matembezi, saa tatu asubuhi mtakuwa langoni, miguu ina nguvu na vichochoro bado havijafurika. Siku moja yatosha kwa mwanzo, lakini iwe siku nzima ya Fes. Na kama hamwezi kabisa kulala huko, uacheni Fes kwa safari nyingine, mtembee Marrakech vizuri.

Nimelijibu hili kwa mara ya mwisho.

Swali: Je, raia wa Tanzania anahitaji viza? (Wasomaji wengi)

Jibu: Ulizeni ubalozi wa Moroko kabla ya kununua tiketi, si baada. Masharti ya viza hubadilika, na safu hii si ubalozi.

Swali: Simu yangu ina ramani. Kwa nini nimlipe mwongozaji? (Kijana, Arusha)

Jibu: Kwanza, kwa sababu ramani yako itapotea kabla yako. Ndani ya Fes el-Bali, yaani mji wa kale, kuta ni ndefu na njia ni nyembamba. Watu hutaja vichochoro zaidi ya 9,000. Simu itakuonyesha upo juu ya paa la mtu huku wewe umesimama kwenye njia isiyotoka.

Lakini kupotea si kitu, mwanangu. Kupotea Fes kuna raha yake, na mwenye duka yeyote atakuelekeza. Mwongozaji unamlipa kwa ajili ya macho yake. Mji huu ulianza mwishoni mwa karne ya 8 chini ya Idris wa Kwanza, mwanawe akauendeleza, na kila ukuta una jambo. Bila mtu wa kukusimamisha, utapita mbele ya Dar al-Magana ukidhani ni nyumba ya kawaida. Ni saa ya maji ya mwaka 1357, madirisha kwa mstari juu ya barabara ya Talaa Kebira, ilikuwa na mabakuli ya shaba, na namna ilivyofanya kazi hakuna anayeijua kwa uhakika tena. Nimewaona watu makundi kwa makundi wakipita chini yake wakitazama mikoba.

Chukua mwongozaji mwenye leseni, kitambulisho chake kining'inie shingoni. Vijana wanaokuvizia penye lango la Bab Bou Jeloud wakikuambia "njia hii imefungwa, nifuate" ni papasi, yaani madalali wa barabarani wanaowawinda wageni, kama wale wa Forodhani, Zanzibar. Njia haijafungwa. Shukuru, endelea.

Na sasa onyo ambalo hukuliuliza. Leseni haikukingi na maduka. Mara yangu ya kwanza nilimchukua mwongozaji halali kabisa, kupitia nyumba niliyofikia. Tukaanza na mazulia. Tukaenda mafuta ya argan. Tukaenda ngozi. Kila mahali chai, kila mahali kiti, kila mahali "kuangalia ni bure." Zulia la nane au la tisa lilikuwa linakunjuliwa miguuni pangu niliposikia adhana ya adhuhuri kutoka msikiti wa Qarawiyyin. Asubuhi yangu yote ilikuwa imekwenda, na sikuwa nimeingia hata madrasa moja. Mwongozaji hupata cha juu kwa kila unachonunua, na hicho cha juu kimo ndani ya bei yako. Kwa hiyo kabla hamjaondoka mlangoni, patana naye kwa maneno yaliyo wazi: duka moja, nilichague mimi, na liwe baada ya chakula cha mchana. Akikunja uso, tafuta mwingine. Wapo wazuri, tena wengi, na ukimpata mzuri mlipe vizuri.

Swali: Sisi ni Wakristo. Tutaruhusiwa kuingia msikiti wa Qarawiyyin? Na mume wa dada yangu, ambaye ni Mwislamu? (Mwalimu, Dodoma)

Jibu: Ninyi hapana, yeye ndiyo. Misikiti ya Moroko, ukiacha michache kama ule wa Hassan II wa Casablanca, haiwapokei wasio Waislamu. Desturi hiyo ilitiwa nguvu na Wafaransa wenyewe walipoitawala nchi kuanzia 1912, wakati wa Jenerali Lyautey, mkuu wa utawala wao huko. Kwa hiyo msimlaumu bawabu. Milango ya Qarawiyyin huwa wazi wakati wa sala. Simameni pembeni, mtaona ua, vigae na chemchemi ya kutawadhia. Msikanyage kizingiti, na msielekeze kamera kwa watu wanaosali.

Shemeji yako ataingia kwa kusali, si kwa kutalii. Avae kwa heshima, achukue viatu vyake mkononi, asali, akae kidogo. Mwafrika mweusi si kitu kigeni hapo. Wasenegali na watu wengine wa Afrika Magharibi huja Fes kila mwaka kuzuru kaburi la Sheikh Ahmad al-Tijani, mwasisi wa tariqa ya Tijaniyya, aliyefia mji huu mwaka 1815. Atadhaniwa Msenegali. Akisalimiwa, naye asalimie.

Nanyi mtakapokuwa mnamsubiri, ingieni madrasa ya al-Attarine iliyo jirani pale. Ilijengwa 1323 hadi 1325, ni ndogo, na mgeni wa dini yoyote anaruhusiwa.

Swali: Ni kweli kwamba Qarawiyyin ni chuo kikuu cha kwanza duniani na kilianzishwa na mwanamke? (Mwanafunzi, Nairobi)

Jibu: Mapokeo yanasema Fatima al-Fihri, mwanamke ambaye jamaa zake walitoka Kairouan, Tunisia, aliujenga msikiti huo mwaka 859. Habari hiyo tunaipata kwa mwanahistoria Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, muda mrefu baadaye. Mimi nayathamini mapokeo hayo, na wanawake wa Fes wanayashika kwa fahari. Ila neno "chuo kikuu" litumieni kwa uangalifu. Ulianza kama msikiti, darsa zikakua ndani yake karne kwa karne, na chuo kikuu cha serikali chenye jina hilo ni cha karne ya 20. Sipendi kuona watu wetu wakirusha picha yenye maneno "chuo cha kwanza kutoa digrii, mwaka 859." Msikiti uliofundisha kwa zaidi ya miaka elfu hauhitaji kupambwa kwa maneno ya kubuni.

Swali: Nina pumu. Nitaweza kwenda kwenye mashimo ya ngozi? (Mama, Dar es Salaam)

Jibu: Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na inhela yako iwe mkononi, si kwenye begi. Ukiona kifua kinabana, shuka. Hakuna aibu.

Pale panaitwa Chouara, na wenyeji husema *Dar Dbagh*, nyumba ya kudabagha. Neno hilo tunalo sisi pia. Unapanda ngazi za duka la ngozi hadi barazani juu, na mlangoni unapewa kishada cha nanaa ushike puani. Chini kuna mashimo ya mawe yaliyobanana kama sega la nyuki. Meupe ni ya chokaa na kinyesi cha njiwa, ambamo ngozi hulainishwa. Yale mengine ni ya rangi. Wanaume wamesimama humo hadi mapajani, wakikanyaga ngozi kwa miguu. Nilimtazama mmoja aliyekuwa akipaka rangi ya manjano kwa mkono, ngozi baada ya ngozi, akizitandaza juani. Viganja vyake vilikuwa manjano hadi kwenye vifundo. Hakuinua uso hata mara moja, na juu yake kulikuwa na watu kama thelathini wenye simu.

Ndiyo maana nasema: usicheke harufu kwa sauti, usiigize kutapika kwa ajili ya picha. Hiyo ni kazi ya mtu, na ni nzito kuliko yangu na yako. Ukitaka kununua mkoba, nunua. Kama hutaki, mpe mwenye duka bakshishi kidogo kwa baraza lake na nanaa yake, ushuke.

Swali: Mlango wa kasri ya mfalme ni wa dhahabu? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Ni shaba iliyong'arishwa, na kasri haiingiliki. Piga picha dakika tano, kisha mwambie mwongozaji akupeleke hatua chache hadi Mellah, mtaa wa Wayahudi wa Fes, ulioanza 1438 na kuwa wa kwanza wa aina yake Moroko. Tazama nyumba zake: roshani za mbao zinaangalia barabarani, wakati nyumba za mji wa kale zimeugeuzia mtaa mgongo. Sinagogi ya Ibn Danan, ya karne ya 17, ipo humo. Mabasi mengi husimama mlangoni pa kasri na kuondoka, na hilo linanisikitisha.

Swali: Tunafika Ijumaa. Kuna shida? (Wasomaji wawili)

Jibu: Baada ya sala ya Ijumaa maduka mengi hufungwa na watu huenda kula kuskusi nyumbani. Kwa anayetaka kununua ni hasara. Kwa anayetaka kuuona mji, ni siku nzuri kuliko zote.

Swali: Nimeishi Kilwa Masoko maisha yangu yote. Binti yangu yuko Ulaya na amenilipia safari ya Moroko. Je, Fes kuna chochote kinachotuhusu sisi watu wa pwani? (Mzee wa miaka 68)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Mwaka 1331 kijana wa Tangier, Moroko, aitwaye Ibn Battuta alipita pwani yetu. Alitoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Akamkuta Sultani Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa mwilini, na sultani akampa. Kisha msafiri huyo akazunguka Bara Hindi, akafika hadi China, akavuka Sahara hadi Mali. Aliporudi, Sultani Abu Inan wa Fes akaamuru yote yaandikwe. Ibn Battuta akasimulia mjini Fes, mwandishi Ibn Juzayy akaandika, na usimulizi ukamalizika Desemba 1355.

Ndani ya kitabu hicho limo neno *Sawahil*. Wamo watu wa Mombasa wanaokula ndizi na samaki. Imo misikiti yao ya mbao, na visima milangoni pake, ambako mtu huosha miguu na kuifuta kwa jamvi kabla ya kuingia. Wewe umeosha miguu hivyo tangu utoto, mzee wangu, na habari hiyo iliandikwa Fes karibu miaka 670 iliyopita.

Sasa sikiliza. Abu Inan huyohuyo ndiye aliyejenga madrasa ya Bou Inania, kati ya 1350 na 1355. Jengo lile na kitabu kile ni vya sultani mmoja na miaka ileile. Madrasa hiyo ipo mwendo mfupi kutoka Bab Bou Jeloud. Kuta zake chini ni vigae vidogo vilivyokatwa kwa mkono, juu yake plasta iliyochongwa kama utarizi, na juu kabisa mbao za mwerezi zilizopauka kwa mvua na jua. Maji hupita katikati ya ua, kwenye mfereji wake. Waongozaji wengi huwapa wageni dakika kumi hapo wapate kuwahi mazulia. Wewe usikubali. Mwambie wako kwamba unatoka Kilwa, na kwamba mji wako umo katika kitabu cha Abu Inan. Keti uani saa nzima ukitaka. Kama ana elimu ya kazi yake, ataketi nawe.

Nimewauliza waongozaji watatu kwa nyakati tofauti kuhusu Kilwa. Wawili hawakuwahi kulisikia jina hilo. Wa tatu, mtu mzima mwenye mvi, aliniuliza mimi kama ule msikiti mkubwa bado umesimama. Nikamwambia upo, na kuba zake nyingi zingali juu. Akasema *alhamdulillahi*, akanishika mkono.

Ukirudi, niandikie.

Swali: Nivae viatu gani? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Vilivyofunika vidole na visivyoteleza. Mawe ya Talaa Kebira yana mteremko mkali na maji ya kuoshea maduka. Na ingawa magari hayaingii, nyumbu na punda wanaingia wamebeba ngozi mbichi, mitungi ya gesi na magunia, na mzigo ni mpana kuliko mnyama. Mchungaji wake hupiga kelele "balak! balak!", yaani pisha. Mtu wa Lamu angejua la kufanya bila kuambiwa. Ukisikia, jibanze ukutani kwanza, ndipo ugeuke kuangalia anatokea upande gani.