Mwanangu, usinunue mbuzi mmoja

Mwanangu mpendwa,

Huku Mgeta hatujambo, ila baridi imeshika kasi. Swali lako nimelipata. Wajukuu zangu wanataka mbuzi wao wenyewe hapo kwenye nusu eka yenu Kibaha, wampe jina na kumlisha, nawe unauliza uanzie wapi na kama naweza kukupa mmoja wa kwangu. Nimefurahi sana, baba. Kumpenda mnyama kunafundishwa nyumbani, na umri wa kufundishika ndio huo walio nao sasa.

Kwanza, usinunue mmoja. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake atalia kutwa nzima, atasusa majani, atahangaika na mlango wa banda akiwatafuta wenzake. Watoto wakiwa shule, wewe na mkeo mkiwa kazini, atabaki na nani? Chukua majike wawili, ikiwezekana waliokulia zizi moja, maana wanaokutana ukubwani hupigana pembe kwanza. Beberu usifuge. Harufu yake utaisikia hadi sebuleni, na mtoto mdogo akimpa mgongo anaweza kupigwa kichwa. Kama watoto wameng'ang'ania dume, awe amehasiwa.

Kuhusu mbuzi wangu, sitakupa, na naomba usinielewe vibaya. Hawa wa maziwa asili yao ni Norwei. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ndio waliowaleta huku milimani miaka ya 1980, na wamekubali kwa sababu ya ubaridi wetu. Nikimshusha mmoja Kibaha, kwenye joto na kupe, nitakuwa nimempeleka akateseke. Tafuta wa kienyeji. Maziwa yake ni kidogo, yanamtosha mwanawe tu, lakini hali ya huko anaijua.

Mnadani Pugu usiende kumtafuta mbuzi wa kwanza. Pale wanachanganyika wanyama kutoka kila mkoa, na ugonjwa huwezi kujua umetoka kwa nani. Nenda nyumbani kwa mfugaji, uone zizi lake na mama wa huyo mbuzi. Halafu mkague mwenyewe. Vuta ukope wa chini taratibu kwa dole gumba, utazame nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu au ya waridi iliyokolea, damu ipo. Ikiwa imepauka kuelekea weupe, mara nyingi ni minyoo inayomnyonya damu tumboni, mwache. Mfunue na mdomo. Juu kwa mbele hana meno, usishtuke, ndivyo alivyoumbwa. Chini, akiwa na meno mawili ya katikati makubwa kuliko mengine, ametimiza mwaka au zaidi kidogo, na huyo ndiye unayemtaka. Mtazame pia nyuma chini ya mkia, pawe pakavu.

Banda lijengwe kabla hajafika. Liinue kama mita moja kutoka chini, na sakafu iwe ya fito au mabanzi yaliyoachana sentimita moja na nusu hivi, ili kinyesi kidondoke na kwato zisinase. Mita mbili kwa mbili zinawatosha hao wawili. Samadi itakayodondoka mkeo ataipenda kwenye mchicha wake.

Asubuhi msiwatoe umande haujakauka, kwa kuwa viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mabichi yenye unyevu. Wakatieni matawi myafunge juu, kwani mbuzi hupenda kula akiwa ameinua kichwa, na majani yaliyokanyagwa hayagusi. Lusina, ule mti wa malisho, ni nzuri, lakini isizidi theluthi ya chakula chao. Majani ya muhogo myaanike yanyauke kwanza, yakiwa mabichi yana sumu. Pumba ni konzi tu, na gunia likae mbali kabisa. Mbuzi akivamia mahindi akala hadi kushiba, tumbo huchacha, na anaweza kufa. Waambie watoto hili moja kwa moja, kwa sababu wao ndio watakaomwibia mbuzi wao pumba kwa mapenzi. Maji safi na jiwe la chumvi visikosekane.

Mtafute afisa mifugo wa kata mapema, umuulize chanjo ya sotoka ya mbuzi na ya homa ya mapafu. Usisubiri aanze kukohoa.

Kuna jambo moja mkae wewe na mkeo mliamue kabla ya kununua. Ataliwa au haliwi? Mkiwaambia watoto kuwa ni wao, basi ni wao kweli. Isije ikafika Krismasi, wageni wamekuja ghafla, ukamwita mchinjaji. Mtoto akikuta ngozi ya rafiki yake imetundikwa uani hatakuamini tena kirahisi, na atakuwa na haki. Ukimpandisha kwa beberu wa jirani, baada ya miezi mitano atazaa. Hao watakaozaliwa mnaweza kuwauza, ila waelezeni watoto tangu siku ya kwanza wasije wakaona wamedanganywa.

Kwato zikirefuka lazima zikatwe, na hilo barua haiwezi kukufundisha. Nitashuka tukimaliza kuvuna viazi. Niandalie kisu kikali, na umwambie mjukuu wangu wa mwisho hapo kwako kuwa yeye ndiye atakayemshika mbuzi.

Mama yako