Chawa wa perege: mbao, jua na chumvi ya Uvinza

Ndiyo ndugu uliyeuliza kama chawa wa perege wanaweza kuondolewa bwawani bila dawa: wanatoka. Hivyo vidoa bapa vinavyotambaa kwenye mapezi ya perege katika picha yako ni chawa wa samaki, Argulus, na mahali pa kuwakamata ni kwenye mayai. Jike humwacha samaki, akaenda kugandisha mayai kwenye kitu kigumu: jiwe, mwanzi, ubao. Huku Kasulu, Kigoma, tunawatega hivyo hivyo. Simika vipande vya mbao ndani ya bwawa, kila wiki vitoe, geuza upande wa chini uone mistari ya mayai kama punje ndogo za ulezi, anika juani vikauke kabisa ndipo uvirudishe. Mayai huchukua zaidi ya wiki kuanguliwa, kwa hiyo unawawahi. Usiache magogo mengine majini, watataga huko.

Vifaranga wapya wa samaki wachovye kwanza kwenye maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita, dakika 10 hivi. Chumvi ya Uvinza, ile ya huku kwetu Kigoma, inafaa. Simama hapo hapo. Kifaranga akilala ubavu, mrudishe haraka kwenye maji safi. Ila chumvi inaua zaidi vijidudu vidogo vya ngozi na mashavu, chawa mkubwa hung'ang'ania, huyo mtoe kwa kibano. Na chumvi usiimwage bwawani, itaharibu bustani unayomwagilia.

Ukivuna kiangazi hiki, kausha bwawa mpaka udongo upasuke nyufa, ili mayai yaliyobaki yafe.