Wimbi la mto linakusubiri, la bahari halina muda na wewe

Wadau wa kayaki (kile kimtumbwi chembamba cha kasia) wa Mwanza, ukishazoea kupiga kasia hapa Capri Point usidhani ukienda mtoni Jinja au baharini Dar mambo ya kuteleza kwenye mawimbi ni yale yale, mi nilidhani hivyo na nikapinduliwa kotekote.

Mtoni wimbi limesimama, maji ndo yanakimbia. Kwa hiyo pua ya kayaki unaielekeza kule maji yanakotoka, unateleza kwenye uso wa wimbi na unabaki hapo hapo. Mara ya kwanza kwenye wimbi la mto Nile linaloitwa Nile Special, kule Jinja, Uganda, nilikuwa naangalia mti mmoja wa ukingoni, haukusogea hata kidogo, na huku chini yangu maji yanapita kwa kasi mpaka kayaki nzima inatetemeka, yaani raha ile sijawahi kuipata popote. Ukikosea, mkondo unakubeba, unatafuta maji ya pembeni yanayorudi nyuma, unapanda nayo unajaribu tena, wimbi liko palepale. Kwa kujifunza, mto hauna mpinzani.

Baharini wimbi linasafiri. Lazima uanze kupiga kasia kwa nguvu likiwa bado nyuma yako, ukingoja likuguse ujue limeshapita, na ukilipata ni sekunde chache tu afu urudi nje ukipasua mengine usoni.

Ziwa letu lina tabia ya bahari ila mawimbi yake ni ya upepo, mafupi na yamebanana, ukishuka moja pua inachoma la mbele. Hata hivyo mchana upepo ukianza kuvuma kutoka ziwani nenda kafanye mazoezi ya kuliwahi wimbi, ila chagua ufukwe wa mchanga, mawe yetu mnayajua.

Sasa kayaki ikilala ubavu kwenye wimbi, na italala tu, egemea lile povu la wimbi na kasia uliweke humo humo. Mwili unataka kukimbilia upande wa pili, usiukubalie, ndo huko nilikopindukia mimi kila mara. Hii ni sawa mtoni na baharini.

Na ukishatoka kwenye kayaki usikae kati yake na kule inakosukumwa, iwe ni ufukwe au mwamba, kwa sababu ikijaa maji ina uzito wa kuvunja mguu. Mtoni kaa upande maji yanakotoka, baharini kaa upande wa bahari. Laifujaketi hata kama unaogelea kama sato, na mtoni helmeti juu.