Baba Yake Hana Kosa

"Shangazi, mwanangu wa miaka 8 anapiga wenzake na kumjibu mwalimu. Nyumbani hana shida kabisa. Naona ni ukali wa baba yake, akisema hapana ni hapana. Mtoto akilia namhurumia, baba akitoka namrudishia simu. Nimemhamisha shule mara 2 na bado naitwa. Nimwambieje mume wangu apunguze ukali?"

Pole mwanangu. Kuitwa shuleni kila mara kunachosha moyo. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na niliyemwonea huruma ni mumeo.

Unamwita mkali, lakini hujaniandikia popote kwamba anachapa wala kutukana. Angekuwa anachapa ningesimama nawe, maana mtoto wa kupigwa hujifunza kupiga. Kosa lake ulilonitajia ni kushika neno lake tu.

Na huyo mtoto asiye na shida nyumbani, atakuwaje na shida na baba akimkatalia wewe unampa? Machozi kidogo, simu imerudi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gerald Patterson, alichunguza sana familia za namna hii. Mzazi akikubali ili kelele ziishe, yeye anapata utulivu wa muda, na mtoto anajifunza kwamba kelele zinalipa. Mwanao amekwenda na somo hilo darasani. Kule akilia hapati kitu, basi anatumia mkono. Wazee walishasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe umeshaanza kulia.

Siku hizi ndoa nyingi ziko hivi: mume na mke wanashindana nani apendwe zaidi na mtoto, na mtoto anajua mlango upi haufungwi. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Diana Baumrind, alionyesha kwamba watoto wanaojizuia vizuri ni wa wazazi wenye upendo wa karibu na mipaka isiyoyumba, vyote kwa pamoja. Nyinyi mmegawana, mmoja huku mmoja kule, na wewe unabomoa upande wa mwenzio kwa siri.

Shule usihamishe tena. Leo usiku mwombe mumeo radhi, mtoto asisikie. Pangeni saa moja ya simu, na baba yake amweleze kwa nini. Siku za mwanzo atalia kuliko zamani. Mpakate, mbembeleze, lakini simu ibaki kabatini.