Maswali ya Wasomaji: CON kwa wakala wa afya ya nyumbani

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Raleigh, North Carolina, na nataka kufungua kampuni ya uuguzi wa nyumbani. Dada yangu wa Houston alifungua yake bila kuulizwa kama inahitajika. Mimi naambiwa jimbo lazima liridhike kwanza kwamba inahitajika. Ni kweli?

JIBU: Inategemea nani atakulipa. Cheti cha uhitaji, yaani kibali cha jimbo kinachothibitisha kwamba huduma inahitajika, wenyewe huita CON, kilisukumwa na serikali kuu ya Marekani kwa sheria ya 1974. Ilipofutwa miaka ya 1980, kila jimbo likajiamulia: Texas, aliko dada yako, haina CON, North Carolina inayo.

Kumwogesha mzee, kumlisha, hata uuguzi unaolipiwa na familia, kunataka leseni ya huduma za nyumbani tu. Ukitaka kampuni yako ilipwe na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, kama wakala wa afya ya nyumbani, CON haikwepeki.

Usianze na fomu. Fungua kwanza mpango wa vituo vya afya ambao jimbo hutoa kila mwaka. Kama haukuonyesha kwamba kaunti yako, Wake, inahitaji wakala mpya, ombi halitapita hata uwe na mamilioni benki. Mpango huohuo ndio wenye tarehe za kupeleka maombi. Ada ni dola 5,000, na huongezeka mradi ukizidi dola milioni 1.

Ombi likishapokelewa halirekebishwi, na hapa ndipo wengi hukwama. Ukiandika wagonjwa 400 mwaka wa kwanza bila kuonyesha watatoka wapi, kigezo cha uhitaji kinaanguka, na bajeti uliyoijenga juu ya 400 hao inaanguka nacho. Ambatisha barua za madaktari watakaokuletea wagonjwa, na ya benki kuhusu mtaji.

Siku 30 za kwanza za mapitio washindani huruhusiwa kuandika maoni. Wataandika, tena kwa mkono wa wakili. Uamuzi hutoka ndani ya siku 90, au 150 muda ukisogezwa. Ukishinda, kuna siku 30 nyingine za washindani kukata rufaa kabla hujashika cheti.

Njia fupi ni kununua kampuni ya wakala iliyopo: unaipa idara ya afya ya jimbo taarifa ya maandishi kabla ya kununua, basi. Ila muulize muuzaji alisajiliwa Medicare lini. Umiliki wa zaidi ya nusu ya kampuni ukibadilika kabla ya miezi 36 tangu usajili au tangu uuzaji uliopita, kwa kawaida mkataba wa Medicare hauhamii kwako, unajisajili upya.